Uchambuzi wa kisa: Familia, mahema mawili na vituo vitano ndani ya siku kumi

## Kwa nini kisa hiki

Familia husika wameniruhusu niandike safari yao kwa masharti mawili: nisitaje majina, nchi wala sehemu yoyote waliyolala, na nisimfanye mtu aonekane mjinga. La kwanza ni rahisi. La pili nalo halijanipa shida manake hawa watu walijipanga kuliko familia nyingi ninazozifahamu, walikuwa na jedwali la rangi rangi, ramani imeshachorwa, orodha ya vitu imebandikwa kwenye friji wiki sita kabla, na bado siku ya nne wakajikuta wamesimama kwenye paking wanagombana huku watoto watatu wanalia, kila mmoja na lake. Ndo maana nimekipenda kisa hiki. Mtu aliyeondoka bila pleni akikwama unamwambia tu ajipange, ila aliyejipanga vizuri akikwama inabidi ukae chini uangalie ile pleni yenyewe ilisimama juu ya nini.

Nimeongea na watu wazima wote watatu, kila mtu kwa wakati wake, na nimesoma meseji za grupu lao. Pale wanapotofautiana nitasema.

## Waliokuwepo

Baba, mama na watoto watatu: mkubwa miaka 7, wa kati miaka 4, mdogo miezi 14. Akaongezeka shangazi yao, mdogo wake baba, ambaye bado hana mtoto, aliombwa aje "kusaidia saidia" na kwa kuwa alikuwa na likizo akakubali. Huyu shangazi mtamwona sana huko mbele.

Mpangaji alikuwa mama. Kwa miaka alikuwa anaota sehemu moja, kambi iliyo juu mlimani ambapo ukifungua zipu ya hema asubuhi unaona mabonde yote yako chini yako, tuiite Kituo cha Tatu. Baba yeye alikuwa anataka ziwa na kukaa tu. Hili hawakuwahi kuliongea waziwazi, kila mtu alidhani mwenzake anataka anachotaka yeye, na jedwali likawa la mama kwa sababu yeye ndo aliyekuwa analijaza usiku watu wakilala.

Kupiga kambi hawakuanza leo. Kabla ya watoto walikuwa wanalala porini wikiendi kibao. Kwa watoto ndo walikuwa wageni.

## Pleni ya kwanza

Siku kumi, usiku tisa, vituo vitano, mgawanyo ukiwa usiku mbili, mbili, mmoja, mbili na mbili. Mambo ya kutembelea yalikuwa 14: maporomoko ya maji, ngome ya zamani, makumbusho, pango, magofu, boti ya ziwani, hifadhi ndogo ya wanyama na mengineyo. Barabarani jumla kama kilomita 1,100, ambazo kwa siku kumi wala hazitishi, na hakuna siku ambayo ramani ya simu ilionyesha zaidi ya saa nne za kuendesha. Hesabu zao nimezirudia mwenyewe, kwenye karatasi ziko sawa kabisa.

Jedwali lilikuwa na safu ya kilomita, safu ya muda wa kuendesha, ya tiketi, ya chakula. Safu ya usingizi haikuwepo, na ya mahema haikuwepo. Kung'oa mahema na kuyasimamisha tena vilipewa nusu saa, kwa sababu jioni moja walifanya mazoezi uani watoto wakiwa wamelala na ikawachukua dakika 20. Hizo dakika 20 zikumbuke.

Hema kubwa lilikuwa "la watu sita" na wao humo ndani walikuwa watano, shangazi akawa na kahema kake. Wakaona nafasi ipo ya kumwaga. Ile namba inayoandikwa kwenye boksi la hema ni ya miili iliyolala imebanana bega kwa bega, kama sentimita 60 kila mtu, haina begi, haina kitanda cha mtoto, haina mtu anayejigeuza. Ukiwa na watoto wadogo toa watu wawili kwenye hiyo namba ndo utapata ukweli. Mabegi yote yakaishia kwenye gari, na kila nepi ya usiku ikawa ni kuvaa viatu na kutoka nje.

## Siku ya kwanza mpaka ya tatu

Siku ya kwanza walifika saa moja jioni, jua bado kali. Kiangazi mwanga unadanganya sana watu wazima, unaona bado ni mchana kumbe kwa mtoto siku imeisha zamani. Mahema yakasimama saa mbili na nusu, wakala saa tatu, nje bado kunaonekana, na kitambaa cha hema ni chembamba mwanga unapita kama kawa. Mdogo alilala saa nne usiku. Saa kumi na moja alfajiri ndege na mwanga vikamwamsha. Saa saba hivi za usingizi, wakati mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji saa 11 hadi 14 kwa siku nzima ukihesabu na za mchana, wa miaka mitatu hadi mitano 10 hadi 13, na wa shule 9 hadi 12. Kwa hiyo asubuhi ya kwanza tu watoto wote watatu wana deni, na jedwali linasema saa tatu muwe mmeshafika maporomoko.

Maporomoko yalimfurahisha mkubwa, anayasimulia mpaka leo. Njia ilikuwa ya ngazi, kigari cha mtoto hakipiti, baba akambeba mdogo kifuani kwenda na kurudi kwenye joto la saa sita, mdogo hakulala manake alikuwa anaangalia kila kitu. Mchana ngome. Wa kati ngome hakuiona kabisa, alikuta dimbwi nje ya geti akatupa mawe humo saa nzima na ukimtoa anapiga kelele. Mama anasema alikasirika, tiketi zimelipwa halafu mtoto anatupa mawe. Shangazi anasema ile ndo saa pekee ya siku hiyo ambayo hakuna mtu aliyelia.

Siku ya tatu ni ya kuhama. Walipanga kuondoka saa mbili asubuhi. Sasa angalia kuhama kulivyo na watoto: mahema yana umande, ukiyakunja mbichi yatanuka na kuota ukungu, inabidi yasubiri jua. Magodoro ya upepo unayatoa upepo, mtoto anakalia linalofuata. Mmoja anataka chooni, ukirudi mwingine naye anataka. Uji unamwagika kwenye mfuko wa kulalia. Vigingi vinahesabiwa kimoja hakipo, kipo mkononi kwa wa kati anachimbia. Mtu mmoja mzima muda wote yuko na mdogo tu, manake sehemu yenye kamba, jiko na magari yanayorudi nyuma huwezi kumweka chini, kwa hiyo watu watatu kwa kweli ni wawili. Waliondoka saa nne.

Saa nne za ramani zikawa saa saba. Wa kati alikuwa siti ya nyuma anaangalia katuni kwenye tableti, barabara ya kona kona kupanda mlima, akatapika kwenye nguo, kwenye siti, na kwenye begi la vitafunio. Kichefuchefu cha gari kinawapata zaidi watoto wa miaka miwili hadi kumi na mbili, na kuangalia skrini au kitabu gari likiwa linakata kona ndo kunakichochea, macho yanasema tumetulia na masikio yanasema tunazunguka. Dawa rahisi ni aangalie mbele mbali, hewa iingie, ale kidogo kidogo. Ila hilo unalijua kabla, baada ya kutapika kilichobaki ni kusimama, kufua, kukausha. Wakafika saa kumi na moja jioni, na mahema bado yako kwenye mabegi.

## Usiku wa baridi

Kituo cha Pili kilikuwa kama mita 900 juu kuliko cha kwanza. Kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka wastani wa nyuzi sita na nusu hivi, kwa hiyo huko juu tegemea karibu nyuzi sita pungufu hata kama hali ya hewa ni ileile. Mama alikuwa ameangalia utabiri, ila wa mji ulioko bondeni.

Saa nane usiku kila mtu macho. Walikuwa na blanketi za kutosha juu, baridi ilikuwa inatoka chini, manake godoro la upepo la kawaida ni hewa tupu na ile hewa inapoa na ardhi. Mama akamchukua mdogo akamwingiza kwenye mfuko wake wa kulalia, halafu hakulala kabisa kwa kuogopa asimfunike uso, na hofu yake ilikuwa ya haki, mtoto mdogo hatakiwi kuwa ndani ya mfuko wa mtu mzima, anavalishwa tabaka tabaka na kuwekwa kwenye mfuko wa saizi yake wenye shingo na mikono.

Baba akasema alete jiko la gesi ndani, dakika kumi tu hema lipate moto. Shangazi akatoka kwenye kahema kake akamwambia, "Kaka, hilo jiko humu haliingii. Tutabanana tu." Kwa maelezo yangu huu ndo uamuzi mkubwa kuliko yote ya safari nzima, na ulichukua sekunde tano. Jiko la gesi, mkaa, hata makaa unayodhani yamekufa, yakiwa ndani ya hema yanatoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, na mtu aliyelala haamki kukwambia anaumwa. Kuacha zipu wazi kidogo hakutoshi. Baba sio mtu mzembe, nimemuuliza na ameniambia alikuwa anajua, ila saa nane usiku mtoto anatetemeka akili inatafuta njia ya mkato. Shangazi naye kilichomsaidia ni kwamba hakuwa amekesha na mtoto.

Alichofanya baadaye ni kuchukua nusu ya blanketi za juu akazitandika juu ya magodoro, watu walale juu yake. Wakapata usingizi saa kumi.

## Siku ya nne

Asubuhi wa kati alienda na fimbo kwenye sehemu ya moto wa jana. Walimwagia maji usiku, sio mengi, juu kukawa majivu meupe yanayoonekana yamepoa. Chini makaa yalikuwa mazima. Soli ya kandambili ikayeyuka pembeni, mguu haukuguswa. Watu wanalinda watoto moto ukiwaka, asubuhi hakuna anayelinda majivu, na makaa yaliyofunikwa yanakaa na moto usiku kucha. Inatakiwa maji, koroga, maji tena, mpaka uweke kiganja karibu usihisi kitu.

Halafu wakaenda makumbusho, tiketi za saa tano kamili, hazirudishwi. Saa tano na nusu ndo saa ya mdogo kulala. Ndani hakuna kula, hakuna kukimbia. Baada ya dakika 40 wakatoka, na pale paking ndo yakatokea ya kutokea. Mama: mimi ndo nimepanga kila kitu na hakuna anayenisaidia. Baba: hakuna aliyekuomba upange mambo 14. Sitaongeza, nimeahidi.

Shangazi akawaambia maneno ambayo wote watatu wanayakumbuka sawasawa: "Wifi, kaka, haya tutaongea usiku. Sasa hivi tule."

## Kikao cha usiku na maamuzi

Kilifanyika watoto wamelala, nje ya hema, kila mtu ana chai. Shangazi alikuja na karatasi. Alikuwa amepiga hesabu ya kuhama: kung'oa na kupakia saa mbili na nusu, kusimamisha mpaka watoto wametulia saa mbili, jumla saa nne na nusu kila mara. Kuhama kwenyewe kuko mara nne kwenye pleni. Saa 18. Hapo hujaendesha hata kilomita moja. Mama anasema alipoona hiyo 18 alinyamaza, manake kwenye jedwali lake ilikuwa imeandikwa saa mbili.

Njia zilikuwa tatu. Kuendelea kama ilivyo, kurudi nyumbani kesho, au kufuta vituo na kukaa sehemu moja. Kurudi baba alikupendekeza kwa dhati, na mi sioni kama lilikuwa wazo baya, ila mkubwa angeumia na shida haikuwa kambi bali kuhama. Kuendelea kulikuwa na sababu moja tu, pesa zilizokwisha lipwa. Wakaamua kuziweka pembeni, kwamba hizo zimeshatoka mfukoni ukienda ama usipoenda.

Wakakubaliana wahame mara moja tu, washuke ziwani kwenye Kituo cha Nne, wakae hapo usiku tano zote zilizobaki. Kituo cha Tatu kikafutwa, na cha Tano pia. Cha Tatu ndo kile cha mama. Alikifuta yeye mwenyewe, kwa kalamu, na mtu yeyote asilichukulie hili juu juu: kilikuwa juu zaidi ya pale walipogandia, kwa usiku mmoja, na usiku mmoja maana yake unasimamisha hema jioni na kuling'oa asubuhi. Kwa watoto hawa hakikuwezekana. Lakini yeye alipoteza kitu halisi.

Kesho yake wakapiga simu. Ziwani walikuwa wamebuku usiku mbili tu na wikiendi imejaa, wakapewa kiwanja kidogo karibu na vyoo ambacho hakuna anayekitaka. Pesa ya kituo kimoja ikarudi sehemu, nyingine ikapotea yote.

Ratiba mpya ilikuwa mistari michache. Jambo moja la kutembelea kwa siku, asubuhi, na liwe ndani ya dakika 40 za gari. Kurudi kunaanza mdogo akianza kusugua macho, ili alale garini njiani, manake mchana hema lililo juani linachemka ndani na mtoto halali humo wala hatakiwi kulala humo. Akishafika anahamishiwa chini ya turubai lililofungwa kwenye miti kivulini, na wala hakuwahi kuachwa kwenye gari lililosimama. Kulala usiku kukasogezwa saa tatu na nusu bila ugomvi, kwa sababu mwanga hauamrishwi, ila usingizi wa mchana haugusiki. Na kila mtu, mtoto hata mtu mzima, anachagua jambo moja tu la kwake.

## Usiku tano za ziwani

Zilienda vizuri kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo nitaruka ruka.

Kile kiwanja cha karibu na vyoo kikawa bahati. Wa kati aliyekuwa anakojoa kitandani kila usiku sasa anatembea hatua chache na tochi yake ya kichwani na anarudi anajisifu. Kelele za milango zilikuwepo, taa pia, watu wazima ndo waliozisikia.

Mkubwa alichagua pango, akaenda na wazazi wote wawili, shangazi akabaki na wadogo. Mtoto wa miaka saba kuwapata baba na mama peke yake saa tatu nzima wakati ana wadogo wawili, mi naona hilo ndo lilikuwa tukio kwake, lile pango ni nyongeza. Wa kati alichagua boti. Mama alienda kwenye magofu peke yake, akachelewa kurudi na hakuna aliyempigia simu.

Majini waliweka zamu. Mtu mmoja mzima ni mlinzi, hana simu, hana chakula mkononi, hapigi stori, dakika 20 anabadilishwa kwa kutamkiana "sasa ni wewe". Kwa mdogo mlinzi anakaa umbali wa mkono. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mikono, anazama kimya tena kwenye maji ya magotini, na hatari kubwa ni pale watu wazima wako wengi na kila mmoja anadhani mwenzake anaangalia. Losheni ya jua SPF 30 walipaka kila saa mbili na kila wakitoka majini, pamoja na kofia.

Mbu walikuwepo. Shangazi alikuja na dawa ya mafuta ya mikaratusi ya limao akiamini ya mimea ndo salama kwa watoto, kusoma lebo ikasema isitumike kwa walio chini ya miaka mitatu. Ya DEET, ile kemikali ya kufukuza mbu, kwa kiwango cha watoto inaruhusiwa kuanzia miezi miwili, inapakwa sehemu zilizo wazi, sio viganjani manake vinaingia mdomoni, na anapaka mtu mzima. Mdogo wakamtegemezea zaidi nguo ndefu na neti.

Siku ya saba wa kati na baba wakaharisha. Hakuna wa kuthibitisha chanzo, ila kuna nyama ilikuwa kwenye boksi la barafu na barafu ilishakuwa maji tangu jana yake. Nyama, maziwa na chakula kilichopikwa vinatakiwa kukaa nyuzi 4 au chini ya hapo, na vikitoka kwenye ubaridi visizidi saa mbili nje, joto likipita nyuzi 32 isizidi saa moja. Mtoto akapewa maji ya chumvichumvi na sukari ya pakiti, kidogo kidogo kwa kijiko, kesho yake akawa mzima. Hii nimeiandika kwa makusudi kwa sababu ilitokea baada ya mabadiliko. Wakati wanahama hama walikuwa wanapita dukani kila mara na barafu inajazwa. Walipotulia wakasahau kwamba barafu haijatulia.

## Matokeo

Kati ya mambo 14 waliona sita. Hakuna aliyeumia. Wazazi wanaongea vizuri, na shangazi amesema atakuja tena ila anataka godoro zuri. Wiki kadhaa baadaye mama aliwauliza watoto walipenda nini zaidi, mkubwa akasema pango na tochi, wa kati akasema "kuosha vyombo", ambayo ni ile beseni aliyokuwa anachezea maji kila jioni.

## Uchambuzi

Wengi waliosikia hiki kisa wanasema walipanga mambo mengi mno. Mi sikubaliani sana. Mambo mengi yanafutika, unafika asubuhi unasema leo hatuendi, basi, hakuna kilichoharibika. Kuhama hakufutiki. Ukishabuku vituo vitano lazima uhame uwe umelala au hujalala, mtoto awe mzima au anatapika, na kila kuhama kunakula nusu ya siku na kunaangukia kwenye saa mbaya mbili, asubuhi ya njaa na jioni ya uchovu. Kwa hiyo mtu akinionyesha pleni ya kempu na watoto wadogo sasa hivi sisomi kilomita wala vivutio kwanza, nahesabu mara ngapi hema linang'olewa. Na ndo maana familia nyingine inaweza kuzunguka kilomita nyingi kuliko hizi ikilala vyumbani na isione shida yoyote, kwa sababu kuhama chumba ni kubeba begi.

Zile dakika 20 za uani zilikuwa kipimo sahihi cha kitu kisichohusika. Zilipima hema, hazikupima hema pamoja na watoto watatu wenye njaa. Kama ni mazoezi, fanya saa kumi na mbili jioni watoto wakiwa macho, halafu ung'oe asubuhi kabla ya chai, hapo utapata namba ya kuweka kwenye jedwali.

Tiketi za muda maalum ziliwaburuza. Ukiangalia meseji za siku ya nne asubuhi, saa mbili tayari mama ameandika "mdogo hayuko sawa" na jibu ni "tiketi za saa tano". Pesa ilikuwa imeshalipwa ikawa ndo inaamua ratiba ya mtoto.

Kilichofanya kazi zaidi kwa maoni yangu ni kuwa na mtu mzima wa tatu ambaye jedwali sio lake. Sio mikono yake tu. Mama hakuweza kuona ile 18 kwa sababu jedwali lilikuwa lake, na baba hakuweza kuisema bila ionekane anamlaumu. Bila mtu kama huyo sijui kama kikao kingefanyika usiku ule au kingeendelea palepale paking.

Ila tusimpe "kukaa sehemu moja" sifa zote. Ziwani kulikuwa chini, kuna joto, na hali ya hewa ilitulia zile siku tano. Wangekaa usiku tano kule juu kwenye baridi na magodoro yaleyale sidhani kama ningekuwa naandika hivi. Lakini baadhi ya mambo hayana uhusiano na hali ya hewa: usingizi wa mchana, kukojoa kitandani, mkubwa kupata wazazi wake, hayo yalitokana na kutohama.

Na kitu kimoja kilifeli mwanzo mpaka mwisho, kile cha mama na baba kutosemezana kila mtu anataka nini. Kikao kilitatua ratiba, hakikutatua hilo. Aliyetaka ziwa akapata ziwa siku tano, aliyetaka kilele hakukiona.

## Pleni ya mwaka unaofuata

Wamenitumia rasimu. Vituo viwili, kuhama mara moja, katikati ya wiki barabara zikiwa tupu. Muda wa ramani wameuongeza nusu yake. Chini ya magodoro kuna mikeka ya povu. Barafu ina safu yake kwenye jedwali. Tiketi za muda maalum hakuna, isipokuwa moja ya mkubwa.

Kilele kimewekwa siku ya tatu, usiku mmoja, na wanaoenda ni mama na wifi yake peke yao, baba anabaki kambini na watoto wote watatu. Amekubali. Ameniuliza kama na yeye anaweza kuleta mtu mzima wa kumsaidia siku hiyo, nikamwambia amuulize mama.

Ambacho bado hakijajazwa ni mchana. Mdogo atakuwa na miaka miwili na kidogo, huenda bado atalala mara moja vizuri au atakuwa anakataa, watoto wanatofautiana sana hapo. Wameiacha ile safu tupu mpaka mwezi mmoja kabla ya kuondoka.